Rodi ya bahari iwe ngumu kiasi gani: kwa mtu wa Nairobi anayeshuka Pwani kuvua

Kila ikikaribia Disemba na watu waanze kupanga safari za Pwani swali ni lile lile, ninunue rodi gani ya kuvulia baharini, na anayeuliza ashaamua moyoni kwamba anataka ile ngumu kabisa dukani kwa sababu bahari ni kubwa na samaki wake ni wakubwa. Hiyo hesabu naelewa inatoka wapi. Mtu amezoea trauti wa kule Sagana ama tilapia wa mabwawa ya Kiambu, akifikiria bahari anaona lazima aongeze nguvu mara kumi. Lakini rodi haichaguliwi hivyo. Ugumu wa rodi unaamuliwa na uzito utakaorusha ama kushusha, mshipi utakaotumia, na mahali utakaposimama, alafu samaki ndio anakuja wa mwisho kwa hio foleni. Ukianza na samaki wa ndoto zako utanunua mti wa bendera na ushinde nao siku nzima mwambani bila hata kuhisi changu akidonoa chambo.

Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo hata wauzaji huvichanganya. Kuna nguvu ya rodi na kuna mpindo wake. Nguvu ni uzito kiasi gani unahitajika ndio iiname, na hapo ndio unaona imeandikwa laiti, midiam, midiam-hevi, hevi. Mpindo ni pale inapoinamia. Kuna zinazoinama robo ya juu tu, hizo zinaitwa fasti, kuna zinazoinama kuanzia katikati kwenda juu, hizo ni modareti, na kuna zinazoinama zote mpaka karibu na mkono, hizo ni silo. Unaeza pata rodi hevi yenye mpindo wa silo na unaeza pata laiti yenye mpindo wa fasti, hakuna sheria kwamba moja inafuata ingine. Kwa hivyo mtu akikuambia hii ni ngumu, muulize ngumu wapi, kwa ncha ama kwa shina? Ncha ndio inakuletea habari za samaki akigusa, shina ndio linampandisha. Kwa mtu anayeanza bahari mimi namwambia atafute ncha inayosikia na shina lisilokubali mchezo, na kama ni lazima akosee upande mmoja basi shina lizidi ugumu kidogo lakini ncha isizidi, manake ncha ikiwa ngumu yote yanayotokea huko chini hayakufikii, unakuja kujua chambo kimeliwa ukishakunja mshipi wote.

Alafu soma maandishi yaliyo juu tu ya kishikio kabla hata hujaitikisa hio rodi. Ukiona 20–40 lb (lb ni ratili), hio ni nguvu ya mshipi inayoendana nayo, na ratili 30 ni kama kilo 13 na nusu. Ukiona 80–150 g, hio ni uzito wa kurusha, na hapa usome mara mbili. Zingine zinaandika kwa aunsi, aunsi moja ni gramu 28, kwa hivyo 4 oz ni kama gramu 113 na 6 oz ni kama gramu 170. Zile za mtindo wa Japani zinaandika PE na namba, na hio ni unene wa mshipi wa kusuka, namba ikipanda mshipi unanenepa. Rodi ambayo haina maandishi yoyote iache hapo hapo dukani hata kama bei ni tamu, manake utakuwa unakisia kila kitu.

Sasa kuhusu huo uzito wa kurusha, watu wanasahau kwamba chambo nacho kina uzito. Chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi, ikiwa ya gramu 110, ukiongeza kipande cha ngisi na dagaa wawili juu yake, ushafika gramu 150 bila kujua, na kama rodi yako mwisho wake ni 150 umeibebesha mzigo wote inaoweza, ukirusha kwa nguvu inayumba hewani, mshipi unatapakaa, na siku moja inakatika pale pale vipande viwili vinapoungana. Mimi hupenda kukaa kwa theluthi mbili ya namba ya juu, yaani rodi ya 150 naipatia kama gramu 100, chambo ndani. Makosa ya upande ule mwingine nayo ni ya kawaida zaidi kwa watu wetu. Mtu ana rodi ya gramu 100 mpaka 250 anairushia chubwi ya gramu 50 na anashangaa mbona inaanguka hapo karibu na miguu. Rodi inarusha kwa kupinda alafu kujirudisha, sasa kama uzito hautoshi kuipinda, kazi yote inabaki kwa bega lako, na ukifika jioni bega ndio linauma na hujafika mbali.

Mahali utakaposimama ndio jambo linalobadilisha kila kitu, na hapa ndio nataka nikae kidogo.

Video nyingi za kuvua ufukweni ni za Afrika Kusini, Uingereza ama Australia, ambako mawimbi yanavunjika ufukweni na mtu anahitaji rodi ya mita 4 na chubwi ya gramu 170 ndio apite hayo mawimbi na chubwi ishike chini. Pwani yetu sehemu kubwa ina mwamba unaokinga, mawimbi yanavunjika kule nje kwenye mwamba na maji ya ndani yanatulia. Kwa hivyo ukiwa ndani ya mwamba unatafuta changu, tasi ama kolekole wadogo, rodi ya mita 2.7 mpaka 3 yenye uzito wa kurusha gramu 30 mpaka 80 inakutosha kabisa, na utafurahia zaidi. Yule anayebeba rodi ya mita 4.2 pale anavua maji ambayo angeyafikia na nusu ya hio nguvu. Lakini ukisogea kwenye mlango, pale mwamba umekatika na maji yanaingia na kutoka, mambo yanageuka. Kwenye bamvua, yaani siku ambazo maji yanajaa na kupwa kwa nguvu zaidi, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapo Mombasa inapita mita 3, na maji yote hayo lazima yapitie mahali, chubwi ya gramu 80 inaviringika mpaka inaingia kwa mawe. Hapo unahitaji gramu 120, 150, na rodi inayoweza kuibeba, kwa hivyo unaona ni mkondo ndio umekupandishia ugumu wa rodi, samaki bado ni wale wale. Maji mafu, zile siku za mkondo mdogo, ukirudi mahali hapo hapo unaeza shuka tena kwa chubwi nyepesi. Kwa hivyo kabla ya kununua, piga simu kwa mtu wa huko unakoenda umuulize chubwi ya uzito gani inakaa chini wakati wa bamvua, hilo swali moja litakuchagulia rodi kuliko muuzaji yeyote wa huku juu.

Boti ya kuvua chini ni habari ingine. Hapa hurushi, unashusha, kwa hivyo urefu haukusaidii, mita 1.8 mpaka 2.1 inatosha. Kule Shimoni upande wa mkondo wa Pemba maji ni ya kina na yanatembea, chubwi inaweza kuwa gramu 200, 300, hata nusu kilo, na rodi laini hapo itakuwa imeinama na chubwi tu kabla samaki hajafika, hutajua lini amegusa. Alafu kuna tewa, samaki wa mwambani mwenye mdomo mkubwa. Tewa akimeza chambo harudi nyuma kukimbia mbali, anaingia kwa shimo lake na kujipanua humo ndani, na akishaingia umebaki unavuta jiwe. Una mita mbili tatu za kwanza za kumgeuza kichwa, na hio kazi inafanywa na shina la rodi, ndio maana kwa mwamba natetea midiam-hevi ama hevi yenye mpindo wa fasti, ncha ikuambie ameshika na papo hapo chini kuwe na nguvu ya kumwinua. Ukimwambia baharia unatafuta tewa atakuambia ukaze breki ya mashine ya kukunjia mshipi na usimpe mshipi hata kidogo mwanzoni, na anajua anachosema.

Kuburuta, yaani boti ikitembea na chambo nyuma kwa nguru, jodari, fulusi ama sulisuli, kunataka kinyume chake. Boti ina mwendo, samaki anakuja kwa kasi, na ule mshtuko wa kwanza ukikutana na rodi isiyopinda ndoano inararua mdomo ama mshipi unakatika. Rodi za kazi hio huwa zinaainishwa kwa madaraja ya mshipi ya IGFA, chama cha kimataifa kinachoweka rekodi za samaki wa ndoano, 30 lb kwa kilo 15, 50 lb kwa kilo 24, 80 lb kwa kilo 37 (hayo ni majina ya madaraja, usiyachukue kama hesabu kamili ya ratili kwa kilo), na nzuri zake zinapinda taratibu mpaka katikati. Na kama mnatumia ndoano za duara kwa sulisuli, zile za kumrudisha samaki akiwa mzima, rodi inayokubali kupinda ni lazima kabisa, manake ndoano hio haitaki kugutushwa, inataka mvuto unaoongezeka polepole ndio ijigeuze na kushika pembeni mwa mdomo. Ila kama boti ni ya kukodi Watamu ama Malindi, usinunue rodi ya kuburuta. Boti inakuja na zake. Weka hio pesa kwa rodi ya ufukweni.

Mahali pekee ambapo naunga mkono rodi ngumu kweli kweli ni kumrushia kolekole mkubwa chambo bandia pembeni ya mwamba. Huyo akishika anarudi kwa mwamba moja kwa moja, na mshipi ukigusa tu matumbawe umeisha. Watu wanaomfuata wanatumia PE 8 mpaka 10 na breki imekazwa kisawasawa. Hio ni kazi ya mtu mwenye mgongo mzuri na pesa za kupoteza vyambo, usianze nayo.

Sasa mshipi. Nailoni inanyumbuka, mshipi wa kusuka haunyumbuki karibu kabisa. Maana yake ni kwamba ukiwa na nailoni mita 80 majini, huo mshipi wenyewe unakupunguzia mshtuko, kwa hivyo unaeza tumia rodi ngumu kiasi na mambo yakawa sawa, na kwa kweli unaihitaji kidogo ndio ndoano iingie ukiwa mbali. Ukibadilisha uweke wa kusuka kwa rodi ile ile, ghafla kila kitu kinakuwa kigumu, samaki akipiga kichwa hakuna cha kumpooza, tundu la ndoano linapanuka na anatoka akiwa ashafika karibu na wewe. Kwa hivyo ukihamia mshipi wa kusuka shuka daraja moja la ugumu, ama tafuta rodi yenye mpindo wa modareti, na ufunge lida, yaani kipande cha nailoni cha mita chache, mbele. Wengi wanaolalamika kwamba samaki wanawatoka mwishoni mwishoni shida ni hapa, rodi ngumu na mshipi usionyumbuka na breki imekazwa, vyote kwa pamoja.

Na mwili wako nao uko kwa hesabu. Tuseme samaki anavuta kilo 4. Umeshika rodi ya mita 3.6 imenyooka, kitako cha rodi kiko tumboni na mkono wa mbele uko sentimita 60 kutoka kitako, huo mkono unabeba kama kilo 24, manake urefu wote ule ni wenzo na samaki ndiye yuko upande wenye faida. Rodi ya mita 2.1 kwa samaki yule yule inakupatia kama kilo 14. Na ile ya mita 3.6 ikikubali kupinda mpaka ncha ibaki kama mita 2.4 kutoka kitako, unabeba kilo 16. Kwa hivyo rodi inayopinda inakupunguzia mzigo, na ile isiyopinda inampatia samaki nguvu juu yako. Ukiwa unanunulia kijana wako, ama mama ama mzee anayetaka kuvua akiwa ametulia kwa kiti, hili lifikirie kabla ya kitu kingine chochote.

Kupima ni rahisi na unaeza kufanyia kwa ploti. Breki ya mashine inawekwa kwa robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa hivyo kwa mshipi wa ratili 30 unaongea juu ya kilo 3 na nusu mpaka 4 na nusu. Pakiti mbili za unga za kilo 2 ni kilo 4, ziko kila duka. Ziweke kwa mfuko imara wenye mikono, funga mshipi kwa mfuko, uache chini, alafu panda ghorofa ya kwanza usimame kwa ukingo na rodi, na uhakikishe hakuna mtoto wala mtu anapita pale chini. Pitisha mshipi kwa pete zote, kaza breki, weka kitako tumboni, ncha iwe juu kidogo tu ya usawa wa mkono, na uinue mfuko polepole kama nusu mita. Usisimamishe rodi wima, rodi nyingi zinakatika hivyo, mzigo wote unaishia kwa ile ncha nyembamba na shina halifanyi kazi yoyote. Sasa angalia. Rodi inayoendana na mshipi wa ratili 30, ukiinua hizo kilo 4 ncha itakuwa inatazama chini, mpindo umefika katikati ama umepita kidogo, na ile theluthi ya mwisho karibu na mkono bado iko imara. Ikiwa imepinda yote mpaka unahisi kishikio kinageuka mkononi ni laini mno, tewa atakushinda. Ikiwa ni ncha tu imeinama na kwingine kote hakujatingishika, hio ni ngumu mno kwa mshipi huo, itabidi upandishe mshipi ama uibadilishe. Kwa mshipi wa ratili 20 tumia pakiti moja ya unga na sukari kilo moja.

Dukani hawawezi kukubali unga, lakini wanaweza kukubali ufunge mshipi na mwenzako aushike akiwa mbali kidogo chini, wewe uvute polepole. Usikubali ile ya muuzaji kushika ncha na mkono na kuikunja ndio akuonyeshe ni kali, wala ya kusukuma ncha kwa dari. Rodi haikutengenezewa kukunjwa pale, na rodi ya kaboni ikipasuka ndani huoni kitu kwa nje mpaka siku ya samaki.

Kuhusu kaboni na fibaglasi sitakuzungusha. Fibaglasi ni nzito, inapinda zaidi, na inavumilia kugongwa. Kaboni ni nyepesi, inasikia vizuri, inabaki ngumu hata ikiwa nyembamba, lakini ukiigonga kwa chuma inaweka ufa. Kuna zilizochanganywa, na kwa mtu ambaye rodi yake itasafiri kutoka Nairobi mpaka Mombasa chini ya mizigo ya watu kwa basi, hizo zilizochanganywa ndio napendekeza bila kusita. Nunua ya vipande viwili, na upitie hadiwea uchukue paipu ya plastiki ya inchi 3 na vifuniko viwili, ufungie rodi humo na kitambaa kila upande. Kaboni pia inapitisha umeme, kwa hivyo radi ikianza kunguruma ilaze chini na utoke majini, na usiwahi kuirusha karibu na nyaya za stima.

Kama pesa ni ya rodi moja tu, na unashuka mara chache kwa mwaka, chukua mita 3, midiam, uzito wa kurusha gramu 40 mpaka 100, mpindo wa modareti-fasti, uweke nailoni ya ratili 20. Hio utavulia ndani ya mwamba, utavulia creek, na hata ukipata nafasi kwa boti ndogo maji yakiwa mafu utashusha chubwi ya gramu 80 bila shida. Ya pili, ukishapata hela, iwe ya boti, mita 2, ratili 30, midiam-hevi. Leseni ulizia ofisi ya uvuvi kabla ya siku ya kwanza, na usirushe ndani ya mbuga za bahari za KWS, Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite, huko kuvua hakuruhusiwi.

Za mitumba ziko nzuri na mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei hio hio, ila zikague. Itazame kutoka kwa kishikio kama unavyolenga, pete zote ziwe kwa mstari mmoja na rodi isiwe imepinda yenyewe bila mzigo, iliyozoea kuegeshwa ikiwa imeinama hairudi tena kwa ugumu wake. Pitisha kucha polepole kutoka juu mpaka chini ukitafuta mkwaruzo mrefu. Unganisha vipande uitikise, usisikie mlio pale vinapokutana. Mwisho chukua kipande cha pamba upitishe ndani ya kila pete ukizungusha, ikiacha nyuzi kuna ufa ama kutu, na ufa wa kiasi hicho unakata mshipi mpya asubuhi moja tu, kwa hivyo mwambie muuzaji abadilishe hio pete ama apunguze bei ya pete kabla hujatuma pesa.